Tulipima Vyungu, Hatukupima Midomo

Wadogo zangu wa kazi ya mizani,

Nasikia huko Kasongo mnabishana kwa nini nimeacha kazi ningali na nguvu, meno yote kinywani na baiskeli isiyo na kiraka. Wengine mnasema nilifukuzwa. Asanteni kwa heshima. Wengine mnasema nimeshikwa na mwanamke wa Kabambare. Hao wamekaribia ukweli zaidi, ila mwanamke mwenyewe ana mvi kichwa kizima na ananiita mtoto. Nitaeleza, lakini nitaanza mwanzo, kwa sababu mtu aliyetembea kama mimi akianzia mwisho hana tena la kusimulia.

Vyeo sitavitaja. Mtu mweusi katika kazi yetu ana cheo kimoja, "msaidizi", na akizeeka nacho anazikwa nacho. Mshahara nao tuuache ulale. Ni mwembamba, ukiamshwa utaomba chakula.

Wazazi wangu ni wakulima Wakristo wa upande wa Nyangwe. Nilibatizwa Bonifasi. Baba alitaka niwe mwalimu wa dini, nikae sehemu moja na kuonya watu, lakini mwenyewe alikuwa akisema nilizaliwa na miguu ya mtu mwingine, ndiyo maana kila siku ilikuwa ikitafuta kwao. Mapadri walinifundisha sekondari: Kifaransa, hesabu na kunyamaza. Katika somo la tatu sikufanya vizuri. Nikapelekwa kujifunza uuguzi, kisha nikaingia hospitali ya Kasongo, ambako kwa muda niliosha vidonda na kuitazama barabara kupitia dirishani. Vita vya Wazungu vilipokwisha akaja daktari mpya aliyetaka msaidizi wa kuzunguka naye. Wenzangu waliuliza kazi yenyewe ni nini. Mimi niliuliza tu kama kuna kusafiri.

Daktari huyo watu walimwita Bwana Kijiko, kwa sababu alitembea na kijiko katika mfuko wa shati na aliingia jiko lolote bila hodi, akaonja. Alikuja na swali moja. Kwa nini kusini mwa Maniema watu wengi wanapotewa na akili kabla ya uzee kufika: wafungwa, wajane, watu wa mashamba ya pamba? Serikali ilikuwa na jibu lake tayari, kwamba ndivyo tulivyoumbwa. Bwana Kijiko alisema hapana, ni chakula. Kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alikuwa Mzungu wa kwanza niliyemsikia akitafuta shida ya mtu mweusi ndani ya chungu badala ya ndani ya fuvu. Ila hakuuliza nani aliamuru mashamba ya karanga yageuzwe ya pamba. Swali hilo halikuwa la sayansi, lilikuwa la gereza.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, mabakuli ya bati, na Muzee Pius. Pius alikuwa muuguzi wa zamani mwenye sauti ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Alinisimamisha mbele ya mfungwa mmoja uwanjani, akaniuliza ninaona nini.

"Mtu mwenye huzuni," nikasema.

"Iko gereza, unataka acheke? Usimwangalie uso. Uso unajua kudanganya. Angalia shingo."

Shingoni, pale jua linapofika, ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu, ikibanduka kama ganda la mti, imezunguka kama mkufu. Mikononi hivyo hivyo. Pius akamwambia atoe ulimi. Ulikuwa mwekundu kama pilipili. Hiyo ndiyo pelagra, wadogo zangu, ugonjwa wa watu wanaokula mahindi matupu. Bwana Kijiko alitueleza kwa Kifaransa mchana kutwa, lakini maneno niliyobaki nayo ni ya Pius: "Kwanza ngozi, halafu tumbo, halafu akili. Akili ndiye mgeni wa mwisho kuondoka, na ndiye anayeondoka na funguo."

Kupima ngozi ilikuwa rahisi. Kupima akili ndiko kulikotupa umaarufu. Bwana Kijiko alikuwa na maswali yaliyotungwa Ulaya, mazuri sana kwa mtu wa Ulaya. Baada ya msimu wa theluji unafuata msimu gani? Mfalme wa Ubelgiji anaitwa nani? Kwa maswali hayo tuligundua kwamba eneo lote la Kabambare lilikuwa limepotewa na akili, watoto kwa wazee. Kule Wamaza tulimwuliza chifu, mtu aliyekumbuka mpaka wa kila shamba tangu babu zake. Theluji hakuijua. Nikaandika ana dalili. Chifu akatutazama kwa huruma, akamgeukia daktari.

"Na wewe, Bwana, baba ya nyanya yako kwa upande wa mama aliitwa nani?"

Bwana Kijiko akafikiri. Akafikiri tena.

"Ah," chifu akasema. "Basi sisi wote wagonjwa. Tukae, tunywe."

Daktari alicheka hadi akatoa miwani. Msinidhanie ninamsema vibaya: jioni ile aliyachana maswali ya Ulaya akatunga mengine. Watoto wako wanaitwa nani? Njia ya kisimani iko wapi? Jana ulikula nini? Hayo ndiyo mnayotumia mpaka leo na mnadhani yalishuka kutoka mbinguni.

Sasa kosa letu kubwa. Kazi ilikuwa kuingia nyumbani mwa watu, kupima chakula kabla hakijaingia chunguni, na kuandika. Tulianzia Kabambare. Nyumba ya kwanza, kuku. Ya pili, kuku. Ya tatu walikuwa maskini kabisa, wamelala juu ya majani: kuku, na wali chini yake. Kwa mizani yetu, Kabambare ilikuwa inakula vizuri kuliko Ubelgiji. Na bado shingo zilikuwa zinabanduka.

"Ajabu," Bwana Kijiko akasema. "Wanakula kuku kila siku na wanaugua. Huenda ugonjwa uko ndani ya kuku."

Akaanza kupanga namna ya kuwapasua kuku. Nikaona ni bora nifungue mdomo kabla wilaya haijabaki bila jogoo wa kuamsha watu.

"Bwana, hao kuku si chakula chao. Ni chakula chetu. Sisi ni wageni."

Huko kwetu mnajua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tunapima siku mbili, tunashukuru, tunahama kwenda kumaliza kuku wa kijiji kingine. Hatukuwahi kuiona siku ya jembe, na ugonjwa wote ulikuwa umejificha humo. Daktari akatikisa kichwa, akaamua: yeye ataendelea na kamyo, lori la hospitali, kuelekea Wamaza, mimi nitabaki Kabambare katika nyumba moja mpaka wanichoke.

Nyumba aliichagua mwenyewe kwa sababu ya shingo aliyoiona humo. Ilikuwa ya Mzee Sefu, Mwislamu wa ukoo wa zamani, mfupi, mwenye kofia iliyoshonwa upya mara nyingi hata kofia ya kwanza haikuwamo tena. Kwake aliishi mjane wa kaka yake, Mama Mwamini, pamoja na binti wa huyo mama, Zaina. Mama Mwamini alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake na alijua nani alitoka na miguu mbele. Sasa alikuwa anaweka kuni ndani ya mtungi wa maji, na mbuzi wa nyumba alimwita kwa jina la marehemu mume wake, na mara nyingine alimgombeza kwa mambo ya ndani. Shingoni alikuwa na mkufu mweusi ule. Mikono yake ilikuwa kama imeungua.

Bwana Kijiko alimpima, akampa Zaina furushi la samaki wa moshi kutoka Nyangwe. Vidonge vya ugonjwa ule vilikuwa njiani kutoka Ulaya. Vipo njiani mpaka leo. Akasema mama ale samaki kila siku na atapona. Mama Mwamini alipoletewa samaki alifunga mdomo kama mlango wa duka siku ya Ijumaa. Wakabembeleza. Akageuza uso. Daktari akaangalia saa yake.

"Bonifasi, nikirudi kutoka Wamaza nikikuta hajala, nitamchukua kwa kamyo hadi Kasongo. Huko watamlisha kwa mpira wa puani."

Alisema kwa wema. Lakini sote tulijua Kasongo watu waliopotewa na akili waliwekwa wapi: chumba cha nyuma cha gereza, chenye dirisha moja karibu na dari. Sikuwahi kumwona aliyetoka humo na akili hata kidogo ile aliyoingia nayo. Zaina alishika mlango. Kamyo ikaondoka.

Siku mbili nilikula kuku. Ya tatu, Mzee Sefu alinikuta ninakunywa chai, akaniwekea kitu mapajani.

"Muganga. Hii iko nini?"

"Jembe, Mzee."

"Kumbe shule ilisaidia."

Tukaenda kulima pamba. Sitawaelezea mgongo wangu. Mchana tukarudi, na kwa mara ya kwanza nilikiona chakula cha Kabambare: bugali wa mahindi, sombe kidogo ya majani ya muhogo, na samaki wa daktari ambaye wote walikula isipokuwa aliyeletewa. Mama Mwamini alikaa kando, akachovya tonge lake katika maji ya chumvi. Hata mchuzi wa sombe hakuugusa, kwa sababu ulikuwa na unga wa samaki. Mizani yangu ilikuwa imeandika kwamba nyumba hii ina samaki. Ni kweli ilikuwa nao. Tulipima vyungu, hatukupima midomo.

"Kwa nini hali kitoweo?" nikamwuliza Zaina.

"Hicho si kitu ya kuuliza."

Mgeni angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimeshapewa jembe, na jembe lina haki zake. Niliuliza tena shambani, na tena, mpaka Zaina akachoka na mimi kuliko alivyochoka na pamba.

"Wewe unapalilia vibaya na unauliza vibaya," akasema. Kisha akanieleza.

Alikuwa na kaka, Amuri. Amuri alichukuliwa uaskari, akaenda vitani kule kwa Wahabeshi. Siku ya kuondoka, Mama Mwamini aliweka mkono juu ya chungu, akaweka nadhiri mbele ya Mungu na majirani: samaki wala nyama haitapita kinywani mwake mpaka Amuri arudi aonje kwanza. Vita ikaisha. Wenzake walirudi na makoti na hadithi. Wakasema Amuri walimwacha hospitali moja huko jangwani. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyesema yuko hai. Kwa miaka ile yote mama aliishi kwa uji wa karanga, ambao nadhiri haikuutaja. Halafu ikaja amri ya pamba. Karanga za mwisho walizila zile za mbegu.

"Mwalimu wa msikiti hakusema kitu?"

"Alisema nadhiri inafidiwa kwa kulisha maskini. Mama alikuwa na akili bado. Akamwambia, 'Maalim, maskini wa mtaa huu ni mimi, na kula nimejikataza.'"

Basi nikakaa na elimu yangu yote. Nilijua dawa, dawa ilikuwa ikining'inia juu ya moto, na mgonjwa alikuwa amefunga mkataba na Mwenyezi Mungu. Shuleni hawakutufundisha kipimo chake. Nikaanza kusikiliza barabara kama kuna kamyo.

Siku moja mchana nilirudi kutoka shambani, jembe begani, kichwani nimevaa kofia ya majani ya Mzee Sefu, miguu imejaa vumbi. Mama Mwamini alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alinitazama tangu mbali. Nilipofika akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Amuri. Umechelewa."

Zaina alikuwa anatwanga. Mchi ukabaki juu. Mzee Sefu nyuma yangu akasita. Walinitazama wote, na mbuzi naye.

Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Njia ilikuwa mbaya."

"Njia iko mubaya siku zote. Kaa. Zaina, leta samaki, ndugu yako amekonda kama fimbo."

Zaina akaleta. Nikanawa, nikamega tonge, nikaonja samaki. Mama akaniangalia ninavyotafuna, ninavyomeza. Kisha akanyoosha mkono wake uliobanduka, akauingiza bakulini. Mzee Sefu aligeuka kuutazama ukuta, akasema moshi wa jiko hili siku moja utamtia upofu. Katika miaka yangu yote ya mizani, tonge lile ndilo pekee ambalo sikulipima.

Ndivyo mimi, Mkristo mwenye cheti cha ubatizo, nilivyokuwa Mwislamu kwa sababu za kitabibu. Mtaa mzima ulinipokea. Watoto waliambiwa, wakaniita Kaka Amuri wakikimbia na vicheko. Mwalimu wa msikiti alinikuta njiani, akanishika mkono, akasema, "Karibu kutoka vitani. Ijumaa hatukutafuti, tunajua bado una uchovu." Fundi mmoja wa viatu, aliyemwoa msichana ambaye zamani alichumbiwa na Amuri, alikuja kunikagua kuanzia kichwani hadi vidoleni, akaondoka amefurahi sana, jambo lililoniudhi.

Zaina alikuwa mkali zaidi. "Kaka Amuri alikuwa anachota maji."

"Kweli?"

"Hapana. Lakini wewe utachota."

Kamyo ikarudi. Bwana Kijiko akashuka, akaingia uani, na kabla hatujamwahi akaita kwa sauti, "Bonifasi!"

Mama Mwamini akainua kichwa. "Huyu Muzungu anamwita nani?"

Mzee Sefu akakohoa. "Shemeji, Wazungu hawajui majina ya watu. Kila mutu wanamwita Bonifasi."

"Masikini," akasema Mama, akaendelea kuchambua mfupa wa samaki.

Daktari aliuona ule mfupa. Nilimweleza pembeni, kwa Kifaransa, haraka. Alisikiliza, kijiko mkononi. Kisha akamwinamia mama, akasema kwa Kiswahili chake kibaya, "Mama, mutoto yako muzuri." Akapanda kamyo bila yeye. Baadaye aliandika kwamba mgonjwa alipona kwa samaki wa moshi, na hakuna uongo ndani yake, ila ukitoa mtoto, mizani haisawaziki.

Akamwacha kwangu, nami nikaona uponyaji ukija. Ngozi ya shingo ilibanduka, chini yake ikatoka mpya. Tumbo likatulia. Halafu akili ikaanza kurudi, na ikarudi kwa mlango wa jikoni. Kuni zikaenda jikoni, maji yakabaki mtungini. Mbuzi akapoteza cheo cha mume. Siku moja Mama alimwambia Zaina kwamba sombe haijaiva na kwamba hata utotoni alikuwa mvivu wa kutwanga. Zaina alilia kwa furaha, halafu akakasirika, kwa sababu sombe ilikuwa imeiva.

Msiniulize kama nilifurahi. Kila tonge lilimleta karibu na siku ya kunijua. Nilikuwa ninamponya mtu ili anigundue. Na akinigundua atakumbuka kwamba Amuri hajarudi, kwamba amekula, na kwamba Mungu alikuwa shahidi.

"Akipona kabisa atakujua," Zaina akasema.

"Ndiyo."

"Halafu?"

Nilitazama barabara. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Daktari akatuma habari kwamba ananihitaji Wamaza, nami nikafunga mzigo wangu kwa furaha ambayo si ya mtu mzuri.

Mama Mwamini aliniita jikoni. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, viganja vyeupe, ngozi safi.

"Amuri ana kovu nyuma ya sikio. Nilimkata mimi mwenyewe kwa kisu cha muhogo, alikuwa hatulii. Wewe huna."

Sikuwa na cha kusema, kwa hiyo nikanyamaza. Mapadri wangeniongezea alama.

"Umejua tangu lini, Mama?"

"Tangu mbuzi alipoacha kunijibu."

"Na ukaendelea kula?"

"Nilipojua, nilikuwa na akili tayari. Mwenye akili hatupi samaki." Akanitazama muda. "Sikiliza. Nilimwahidi Mungu, mtoto wangu aonje kwanza. Wewe ulionja kwanza. Umelima pamba ya shemeji yangu, vibaya, lakini umelima. Umeniita mama mbele ya watu. Kama wewe si mtoto wangu, basi nimevunja nadhiri. Mimi sijavunja nadhiri hata siku moja. Kwa hiyo wewe ni mtoto wangu."

"Mama, mimi nimebatizwa."

"Mungu anajua. Alikuwapo."

"Na Amuri?"

Hapo alisukuma kuni mpaka moto ukalia. "Akirudi atakukuta hapa," akasema. "Mtagawana samaki. Yeye atakula kichwa, ni mkubwa." Kisha akauliza, "Unaenda Wamaza?"

"Ni kazi, Mama."

Akachukua kifuniko, akakifunika chungu polepole. "Basi nenda. Mpaka utakapoonja."

Nilidhani ni mzaha wa kuagana. Nikapanda baiskeli, nikaenda nikipiga mluzi. Niliporudi mvua zilikuwa zimekwisha, na nilimkuta kizingitini, shingoni mstari mwembamba umeanza kuwa mweusi. Zaina hakunisalimu. Alitupa samaki juu ya moto kama mtu anayempiga mtu. Nikaonja. Mama akala, akaniuliza habari za Wamaza.

Sasa mmejua jambo mlilokuwa mkiuliza kila mnapofungua ramani za safari zetu: kwa nini mtu anayetoka Nyangwe kwenda Kasongo apitie Kabambare, na kwa nini anayetoka Kasongo kwenda Kasongo apitie Kabambare. Bwana Kijiko aliita kurudia huko "mbinu ya ufuatiliaji" na akaisifu kwa maandishi. Mbinu yenyewe ni kifuniko cha chungu. Mimi niliyezaliwa nisifungwe na mahali, nilifungwa na mama wa mtu mwingine, kwa kamba ya urefu wa siku chache, na kwa miaka nilizunguka mwisho wa kamba ile kama mbuzi wa Mzee Sefu. Nilipima mamia ya vyungu. Niliona wafungwa wakikumbuka majina yao kwa sababu ya karanga. Niliona wengine wasiokumbuka kitu hata ukiwapa ziwa zima la samaki, kwa sababu akili yao haikuondoka kwa njaa, iliondoka kwa uzee, na mlango huo chakula hakina ufunguo wake. Tofauti Pius alinifundisha kabla hajafa: angalia shingo.

Bwana Kijiko alirudi kwao, akaniachia kijiko chake. Mwaka huu ofisi ikaamua kunipeleka mbali, milimani, upande wa maziwa, kwa muda mrefu. Barabara ambazo sijawahi kuziona! Ningekuwa mtu wa jana ningeondoka kabla wino haujakauka. Nikaenda Kabambare kuaga.

Mama Mwamini alikuwa kizingitini. Alinitazama tangu mbali. Nilipofika akasema, "Amuri. Umechelewa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Zaina alikuwa nyuma yake, mvi zimeanza kumwingia naye, akanitikisia kichwa. Nikaangalia mtungi: kulikuwa na kuni ndani.

Nikapiga magoti kama kwa kumsalimu, nikaangalia shingo. Ilikuwa safi kama ya bibi harusi. Mikono safi. Ulimi wake mzuri. Alikuwa anakula vizuri, Zaina akasema, samaki na karanga kila ninapokuja, na nilikuwa nakuja mara nyingi. Basi haikuwa chakula. Nilitafuta ngozi iliyobanduka kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya mfuko uliotoboka. Sikuipata.

Mbuzi amekufa zamani, lakini anazungumza naye. Majina ya watoto aliowazalisha yamekwenda. Jina la mumewe limekwenda, la Zaina linakuja na kuondoka. Nadhiri yenyewe haikumbuki. Nilimwuliza, akaniambia hajui ninasema nini, na kwamba vijana wa siku hizi wanaongea sana. Jambo moja tu limebaki, na halikai kichwani, nadhani liko mkononi: kitoweo kikiwekwa, anasubiri. Zaina alijaribu kuonja yeye. Mzee Sefu alijaribu, akaambiwa aache ulafi. Anasubiri mpaka nionje mimi.

Kwa hiyo nilikwenda Kasongo, nikarudisha mizani. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Springi yake imelegea kidogo, kwa hiyo msiamini uzito mdogo kabla ya kulinganisha na kopo la mchele. Mabakuli mawili yanavuja. Kijiko sikukirudisha, ninakitumia.

Sasa ninalima pamba ya Mzee Sefu, bado vibaya, na kingo zake tumepanda karanga bila kumwuliza mtu. Jioni ninatembea mpaka mwisho wa mji, pale njia ya Wamaza inapoanza, ninasimama kidogo, ninarudi. Mkipita na safari zenu, karibuni, mtapata kuku siku mbili, na jembe lipo nyuma ya mlango. Njooni mchana wakati wa chakula. Ila mkiingia uani, tafadhali, msiniite Bonifasi.